Mlangoni pa Mtu

Njoo Januari, saa tatu asubuhi,
jua likiwa bado limelala ubavu juu ya ua wa miba.
Hapo ndipo konde hili husema.
Mchana halina neno: majani tu, na kondoo,
na mvua ambayo haijaamua.
Lakini jua likipita chini, chini kabisa,
kila kinundu hutoa kivuli chake
kama mtu aliyeombwa kitambulisho.

Tazama matuta. Yamepinda kidogo mwishoni,
kwa kuwa ng'ombe wanane wakivuta jembe
hawageuki ghafla; huanza kugeuka kabla ya kufika.
Miaka mia tano hakuna ng'ombe,
na bado konde linageuka.

Pale, njia iliyozama hadi kifuani.
Haitoki popote, haiendi popote;
miguu iliichimba bila sepetu.
Na kando yake viwanja vya nyumba, kumi na kimoja,
au kumi na viwili, ukihesabu kama nilivyohesabu utotoni.
Baba alisema hicho cha mwisho ni kazi ya sungura.

Wilfred Garlick, baba yangu, hakusoma historia.
Alisoma kondoo.
"Wakilala pale ni kwa kuwa pakavu.
Mtu alishindilia mawe pale, akapiga sakafu."
Na upupu ulipoota kwa fujo karibu na lango:
"Hapo palikuwa na jaa. Upupu hufuata watu.
Wakihama, hauambiwi."

Walikwenda wapi?
Mzee Thackray, mwenye funguo za kanisa, husema tauni.
Ni jibu la adabu, halimlaumu mtu.
Lakini Bi. Ursula Pell alikuja na buti za kuazima
na nakala ya waraka wa zamani,
akausoma jikoni kwetu, chai ikipoa:
kaya kumi na mbili ziliondolewa,
mwenye ardhi akitaka malisho.
Sufu ilikuwa na bei kuliko shayiri.

Baba alitazama dirishani, kundi lake likicheua.
Akavaa kofia, akatoka kwenda kuwalisha
wale waliorithi kijiji.

Kisha ukaja ule ukame.
Nyasi zikaungua rangi ya mkate,
isipokuwa duara moja la kijani juu ya kilima:
mtaro wa nyumba ya msonge, ya watu
waliokuwa wa kale hata kwa wale wa kale.
Nilisimama katikati, ndoo mkononi.
Mwanya wa mlango ulitazama mashariki,
kama mlango wangu wa jikoni.
Wiki mbili. Mvua ikanyesha, duara likafumba mdomo.

Fuko ndiye hachoki.
Mwaka jana alitupa nje kigae chekundu
chenye nyayo za mbwa aliyekanyaga udongo mbichi
akafukuzwa, bila shaka, kwa Kilatini.
Mbwa wangu alikinusa,
akapiga chafya, akaenda zake.

Baba tulimzika Machi. Ardhi ilikuwa nzito,
wachimbaji walipumzika mara mbili.
Nimebaki na kondoo tisini, na deni la trekta.

Jana nilikuwa naweka birika jipya la maji,
kule kwenye kazi ya sungura.
Nikafuta tope kwa kisigino
nikaona jiwe bapa, limelika katikati,
limelika vile linavyolika jiwe moja tu katika nyumba,
lile ambalo kila mtu hulikanyaga
akiingia na kuni, akitoka na mtoto,
akitoka siku ile na kila kitu.

Ulimi ulitaka kusema hodi.
Nikaufunga. Ningemwambia nini,
mimi mwenye kondoo?

Birika ni la zege. Kwato zingepageuza pale tope
kabla ya Krismasi.
Nikaliburuta hatua sita, peke yangu, nikitukana,
lisikae mlangoni pa mtu.